Ubongo utakula nini? Muulize daktari kabla hujatia saini

Mume wangu, Baba Mwanaidi, ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri msikiti wa mtaani. Sauti ilipoanza kumkwaruza tukamchemshia tangawizi. Zahanati moja ikampa dawa za kifua mara tatu. Miezi minne ikapita hivyo. Kumbe aota, ule mshipa mkuu wa damu, ilikuwa imevimba pale inapopinda juu ya moyo, ikaukandamiza mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Kipimo cha CT kikasema sentimita 6.2. Kwa kawaida ikifika 5.5 madaktari huanza kuzungumzia kisu.

Safari ya India na michango ya kikoba ni hadithi ya siku nyingine. Leo naongea na wewe uliyeambiwa kwamba mgonjwa wako atapasuliwa tao la aota, yaani hapo inapopinda. Sisi tuliogopea moyo. Daktari alikuwa anaogopea kiharusi.

Akatuchorea nyuma ya bahasha kitu kama mpini wa bakora, na matawi matatu yakipanda juu yake. La kwanza linakwenda mkono wa kulia na kichwani, la pili kichwani, la tatu zaidi mkono wa kushoto. Ili akate palipovimba na kushona bomba la kitambaa, damu lazima isimame. Baba Mwanaidi akaniambia nimfasirie: "Mimi nikivua tairi, baiskeli inangoja. Na kichwa changu nacho kitangoja?" Daktari akacheka, kisha akaweka kalamu chini. "Hakitangoja. Tutakilisha."

Hilo ndilo swali la kuuliza. Usiishie kuuliza "atapona?", maana hapo utajibiwa inshallah tu. Uliza: wakati tao limefunguliwa, ubongo utapata damu kwa njia gani? Kwetu waliingiza mpira kwenye mshipa ulio chini ya mtulinga wa kulia, damu ya mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu ikapanda kichwani huku mwili wa chini haupati kitu. Kwanza walimpoza hadi nyuzi 25, kwa sababu ubongo uliopoa hauli sana. Wapo wanaopoza hadi 18 na kusimamisha damu kabisa, lakini hapo wanakimbizana na saa, kama nusu saa hivi. Kupasha joto baadaye nako ni taratibu. Kichwa kikichemshwa haraka kinadhurika.

Uliza pia wanaujuaje ubongo kama unashiba. Mume wangu alitoka na alama mbili za gundi kwenye paji la uso, kulia na kushoto. Ni vipimo vya mwanga vinavyosoma oksijeni. Upande wa kushoto ukishuka, wanaongeza mpira mwingine kwenye mshipa wa shingo wa upande huo.

Lakini njaa ya damu ni nusu ya hatari. Nusu nyingine ni uchafu: mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa yakimeguka, au povu la hewa, vikipanda kichwani ndiyo kiharusi chenyewe. Ndiyo maana hupima mishipa kwanza wajue pa kushika na pa kutogusa, na wengine hupuliza kabondioksidi kifuani ili ifukuze hewa.

Hapa ndipo nilipokosea. Mwaka mmoja nyuma, kikombe cha chai kilimponyoka, mkono ukafa ganzi kama dakika kumi, ukarudi. Tukasema upepo. Daktari alipouliza kama amewahi kupooza nikajibu hapana, nikihofia wataahirisha na pesa ya nauli imeshalipwa. Shemeji yangu ndiye aliyesema kweli, kwenye simu, usiku wa kuamkia upasuaji. Upasuaji ukasogezwa siku mbili, shingo ikapimwa kwa ultrasaundi, mpango ukabadilishwa. Nilinuna. Leo naona haya kuandika hili, lakini naliandika. Sema kila kitu: ganzi, sigara za zamani, vidonge vya presha vilivyorukwa, dawa za kienyeji.

Alipozinduka, nesi alimwambia abane vidole vyake, mkono huu, kisha ule. Akabana. Nilikalia kiti nikalia. Usiku wa pili akaanza kuniambia tushuke, boti imefika Pemba. Nikapiga kelele wodi nzima. Ulikuwa mkanganyiko wa baada ya nusukaputi, ukaisha. Bado nasema piga kelele. Kuna pia mapigo ya moyo kwenda shaghalabaghala siku chache baada ya upasuaji, yanayoweza kuzaa donge la damu, kwa hiyo akikwambia moyo unarukaruka usimwambie alale.

Nyumbani ni hivi: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, tazama saa ni ngapi, kisha hospitali ya Bombo moja kwa moja. Mtu wa kumsugua mafuta na kumsomea atamkuta hukohuko hospitali.

Sauti haijarudi yote. Siku hizi anaadhini kijana wa jirani, naye Baba Mwanaidi anamsahihisha. Mashine ya presha inakaa juu ya boksi la spana, na kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda anaandika namba ukutani kwa chaki, pembeni ya madeni ya wateja. Leo ni 124.