Uliza Ujibiwe: Kijana wa koneksheni na andiko la Singida

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Sisi akina mama 18 wa huku Newala tuna kikundi, tulianza na vikoba tu ila sasa hivi tunasaidiana mpaka mambo ya haki, maana mume akifariki haipiti arobaini wapwa zake wameshafika kudai shamba la mikorosho, mjane anabaki na sufuria zake. Tumesikia balozi za nje zinatoa ruzuku za haki za binadamu na demokrasia. Kaja kijana anasema ana koneksheni Dar, tumchangie laki tatu atuandikie andiko la kuombea ruzuku na hela ikitoka anakata asilimia kumi. Andiko katuonesha, ni la Kiingereza hatulielewi ila ukurasa wa pili tumeona limeandikwa Singida. Tumpe?
Mama Wawili, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimpe hata mia. Hiyo Singida yenyewe imeshawajibu, hapo kabadilisha jina la kikundi juu afu kasahau katikati, na mfadhili anasoma maandiko mengi kwa siku hivo anaijua kopi kabla hajamaliza chai. Kuomba ruzuku ni bure, na hiyo asilimia kumi yake hakuna mfadhili atakayeikubali kwenye bajeti, kwaiyo mtakuja kuificha kwenye chakula cha semina na hapo ndo mnaanza kuwa wezi bila kupenda.

Hela zenyewe zipo ila zimepungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kazi kabisa, asasi nyingi zilibaki zinadaiwa kodi ya ofisi. Kwa hiyo msitegemee mlango mmoja. Kanada wana mfuko unaitwa Canada Fund for Local Initiatives, unapitia ubalozi wao, tangazo lao hutoka kwa mwaka mara moja na mwisho wake ni dola 100,000 za Kanada ila ruzuku nyingi ni ndogo kuliko hapo, na wanapenda asasi za wenyeji. Ipo National Endowment for Democracy ya Marekani, ipo tangu 1983, inalishwa na hela ya bunge lao. Na kwa hapahapa nyumbani ipo Foundation for Civil Society, wao wanachukua kwa wafadhili wa nje wanagawa kwa asasi za ndani, na kwa kikundi kichanga mi ningeanzia huko.

Kabla ya yote usajili. Kikundi cha halmashauri ni sawa kwa vikoba ila wafadhili wengi watakuuliza cheti cha NGO, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya awaelekeze, mtataka katiba, viongozi, akaunti ya benki yenye saini zaidi ya moja (sio simu ya mwenyekiti jamani). Na mkija kupata zaidi ya milioni 20, kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba upelekwe kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 tangu kusaini, na mapato na matumizi yatangazwe hadharani. Watu wanaona ni usumbufu, na kweli usumbufu upo, ila ukikamatwa huna cha kujitetea.

Sasa andiko. Andikeni wenyewe, kwa Kiswahili kwanza, halafu tafuteni mwalimu wa sekondari awatafsirie. Na msianze na demokrasia! Neno hilo kila mtu analo. Anzeni na shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji lina watu saba na wanawake wasipungue watatu, nendeni vijiji vinne vya karibu mkahesabu, wapo wangapi, na wale waliopo wanaongea au wanapikia wajumbe uji? Sheria za serikali za mitaa nazo zinataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, ulizeni mara ya mwisho lini, mapato na matumizi yalisomwa au ilisemwa tu "tutaleta". Mkiandika wajane wangapi walikuja kwenu mwaka jana na wangapi wamerudishiwa mikorosho yao, hapo mfadhili anakaa vizuri kwenye kiti. Hiyo ndo haki za binadamu, na ndo demokrasia, ila imevaa khanga.

Ngoja niwaambie langu. Nilikuwa mhazini wa asasi Mtwara, mradi wa kwanza tulifanya vizuri tu, risiti zote za mashine nikaziweka kwenye bahasha juu ya kabati chini ya bati. Miezi saba mkaguzi kaja, nafungua bahasha, karatasi 41 nyeupe kama sanda, joto la bati limekula wino wote. Nikabaki nazigeuzageuza mbele yake. Nusu ya hela ile hatukurudishiwa na nililipa laki na ishirini yangu. Kwaiyo risiti ikitoka dukani siku hiyohiyo piga kopi, andika na nyuma kwa kalamu ilikuwa ya nini, na bodaboda wa kwenda Kitangari ambaye hana risiti asaini daftari na namba yake ya simu.

SWALI: Mambo Bi Mkubwa, mi kijana wa Lindi mjini, nataka ruzuku ya nje nihamasishe vijana wenzangu wakipigie kura chama changu. Naanzia wapi?
Msaka Fursa, Lindi

JIBU: Shikamoo hujui? Haya. Hapo hakuna pa kuanzia. Hawa wafadhili hawalipi kampeni ya chama, na ile National Endowment ya Marekani niliyoitaja juu haimpi mtu mmoja mmoja wala ofisi ya serikali. Kufundisha vijana namna ya kuhoji bajeti ya mtaa, sawa, ila ni kupitia asasi na vijana wa vyama vyote ndani. Jina la chama chako nimelikata kwenye barua, usinune.