Mti wa sumu, mti wenye sumu, na hii "pelekea"

Dada mmoja wa Majengo, Moshi, anauliza: ni mti wa sumu au mti wenye sumu? Anamsaidia mwanawe insha ya manchinili, ule mti wa fukwe za Karibi na Florida, na sentensi ya mtoto ni hii: "Manchinili ni mti wa sumu ambao utomvu wake unapelekea malengelenge na upofu."

Dada, sema wenye sumu, maana sumu imo mwilini mwake, majani, gome, hadi tunda. "Wa sumu" nayo inaeleweka, sitakukamata. Jina wamelitoa kwa Wahispania, manzanilla, tufaha dogo, coz tunda lake linafanana na tufaha. Basi hapo tumemaliza.

Sasa hiyo "unapelekea" ndo imenichokoza aisee! Kupelekea ni kumfikishia mtu kitu. Mpelekee babu mbege. Babu anapokea, mbege inapelekwa, na ukifika mikono mitupu babu atakuuliza umekuja kufanya nini. Haya, utomvu "unapelekea malengelenge", yani malengelenge ndo yamekaa kwenye kiti cha babu yanasubiri kuletewa, utomvu unapiga hodi, umebeba nini? Hakuna anayejua. Na upofu nao uko pembeni na kata yake mkononi unasubiri zamu!

Na wala hatuna njaa ya vitenzi jamani. Ukijikinga mvua chini ya manchinili yale matone yanayochuruzika kwenye majani yanakubabua ngozi, ukichoma kuni zake moshi unakuwasha macho mpaka unaweza usione kwa muda. Hapo kuna "pelekea" gani? Hata minyaa yetu ya uzio, ambayo ni ukoo mmoja na huo mti, mtu akikata tawi yale maziwa yakamrukia jichoni sijawahi kusikia analia "yamenipelekea maumivu", analia yameniunguza, leteni maji! Kiswahili chake kinarudi chenyewe bila kamusi.

Najua kwenye taarifa za habari wameshazoea, "ajali iliyopelekea vifo", "mvua zilizopelekea mafuriko", huko nimepiga kelele mpaka nimechoka siku hizi nazima tu redio. Ila kwa mtoto bado sijakata tamaa. Mwandikie: "Manchinili ni mti wenye sumu, utomvu wake hubabua ngozi na ukiingia machoni unaweza kupofusha." Mwalimu akimkata maksi hapo, mwambie anitafute mimi.