Maswali ya Wasomaji: Waya wa Sauti Usioingia Kwenye Kompyuta

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya ya vijana mjini Morogoro. Tumenunua waya wa kuunganisha kompyuta mpakato na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya kanisani ili vijana wafanye mazoezi kwa kufuata muziki uliorekodiwa. Muuzaji alituhakikishia kwamba ni waya wa sauti wa kawaida, lakini tulipoufungua tuliona kwamba pini zake zote mbili ni nene kuliko tundu la hedifoni la kompyuta. Kijana mmoja alitaka kuisukuma kwa nguvu, nikamzuia. Fundi wa jirani anasema tununue adapta tu. Je, adapta itatosha, au fedha yetu imekwisha kupotea?

JIBU: Mwalimu, ulifanya jambo la maana sana kumzuia kijana huyo. Katika kompyuta nyingi tundu la hedifoni limechomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na likivunjika, ufundi wa kulibadilisha hugharimu kuliko bei ya waya wowote mnaoweza kuununua.

Pini mlizo nazo, kwa jinsi ulivyozieleza, ni zile kubwa zenye unene wa milimita 6.35, ilhali tundu la kompyuta limetengenezwa kwa pini ndogo ya milimita 3.5, rula ya mwanafunzi inatosha kuthibitisha jambo hili. Pini kubwa ilianza kutumika katika vituo vya simu vya karne ya 19, wakati wahudumu walipounganisha wapigaji kwa kuchomeka na kuchomoa waya kwa mikono, na hadi leo imebaki kwenye magitaa, vinanda na mikisa kwa sababu ni imara. Pini ndogo ilienea pamoja na redio ndogo za transista, kisha ikaenea zaidi baada ya kampuni ya Sony kutoa Walkman mwaka 1979. Kwa hiyo muuzaji hakuwadanganya alipouita waya wa kawaida, kwani ni wa kawaida kwa mtu anayeunganisha gitaa. Kosa ni kwamba hakuwauliza mnataka kuunganisha nini na nini.

Sasa tuje kwenye adapta, na hapa naomba unifuatilie kwa makini, kwa sababu ushauri wa fundi wenu utaifanya pini iingie bila kuhakikisha kwamba sauti itatoka ipasavyo. Tazama pini ya waya wenu uhesabu pete nyeusi zinazoizunguka. Ikiwa na pete moja, waya huo hubeba mkondo mmoja tu wa sauti, lakini kompyuta hutoa mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Mkiuunganisha kwa adapta, mtasikia upande wa kushoto peke yake, huku ule wa kulia ukigusana na waya wa ardhi ndani ya tundu, jambo ambalo si zuri kwa kompyuta hata kama haliiharibu siku hiyohiyo.

Ikiwa na pete mbili, tatizo ni la namna nyingine, na ndilo linalowachanganya watu wengi zaidi. Tundu kubwa la mikisa, katika mikisa nyingi, halipokei kushoto na kulia; hupokea sauti moja iliyotumwa kwa njia mbili zinazopingana, kisha huondoa chochote kinachofanana katika njia hizo, kwa kuwa kwa kawaida kinachofanana ni mvumo ulioingia njiani. Mkipitisha humo muziki kutoka kwenye kompyuta, mikisa itaondoa kila kilicho sawa kushoto na kulia, na katika rekodi nyingi kilicho sawa pande zote mbili ni sauti ya mwimbaji kiongozi na besi. Matokeo yake ni muziki mwembamba unaosikika kama unatoka chumba cha pili, na mwimbaji hayupo. Nimeona watu wakihangaika na vitufe vya mikisa kwa saa nzima, wakidhani rekodi ni mbovu, kumbe ni waya.

Mnachohitaji ni waya ambao upande mmoja una pini ndogo moja yenye pete mbili nyeusi, na upande wa pili una pini kubwa mbili, kila moja ikiwa na pete moja. Kama mikisa yenu ina matundu ya RCA, yale mekundu na meupe, waya wa pini ndogo kwenda RCA utafaa vilevile. Kariakoo aina zote mbili zinapatikana. Tamka vipimo hivyo dukani badala ya kusema waya wa sauti. Chomekeni kwenye njia mbili za mikisa, mkianza na sauti ikiwa chini kabisa, na msitumie tundu la maikrofoni lenye matobo matatu, hasa ikiwa swichi ya volti 48, inayopeleka umeme kwenye maikrofoni, imewashwa.

Waya wa kwanza msiutupe. Ukiwa na pete moja utatumika kwenye gitaa au kinanda. Ukiwa na pete mbili utapeleka sauti kutoka kwenye mikisa hadi kwenye spika yenye amplifaya yake.

SWALI: Niko Mombasa. Pini yangu ni ndogo, ya saizi ileile ya tundu, lakini haiingii yote. Hubaki kama milimita mbili nje, na spika za kompyuta yenyewe zimenyamaza hata nikiichomoa.

JIBU: Dalili hiyo ya pili ndiyo inayonitia shaka. Pini kukwama peke yake kungeweza kutokana na kifuko cha kompyuta au shingo nene ya plastiki ya pini, na hilo hutatuliwa kwa kuvua kifuko au kutafuta pini yenye shingo nyembamba. Lakini spika kunyamaza maana yake kompyuta inaamini kwamba hedifoni bado zimechomekwa, kwa hiyo kuna kitu ndani kinachobana kiungo cha tundu: vumbi lililoshikamana, au ncha ya pini ya zamani iliyokatikia humo.

Zima kompyuta kabisa, uchomoe chaja, kisha mulika tundu kwa tochi. Ukiona nyuzi za kitambaa au vumbi, ziondoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, kamwe si kwa sindano, kwa sababu vishikio vya ndani ni vyembamba na hupinda upesi. Ukiona chuma kinang'aa katikati, usijaribu kukivuta kwa kijiti chenye gundi kama wengine wanavyoshauri. Gundi ikigusa vishikio utakuwa umeunganisha ncha hiyo na tundu moja kwa moja. Mpelekee fundi, umwambie tangu mwanzo kwamba ncha imebaki ndani, ili aifungue kompyuta badala ya kuanza kuchokonoa kutoka nje.