Maswali yenu ya amplifaya: pimeni kwanza, spika baadaye

Haya, nimepitia maswali yaliyorundikana na karibu yote yanaangukia palepale, mtu amelehemu vizuri kabisa, bodi inang'aa, halafu anaruka hatua ya kupima anaenda moja kwa moja kwenye spika. Nitajibu niliyoyachagua, mengine yanafanana.

Mkuu bodi yangu imeandikwa wati 500, nimeiwekea transfoma ya 12-0-12 (volti 12 kila upande wa waya wa katikati) ampia 3, mbona sauti ya kawaida tu?

Maandishi ya kwenye bodi hayatoi wati, wati zinatoka kwenye transfoma. Chukua kalamu. Volti 12 za AC ukizidisha kwa 1.41 unapata kama 17, toa zinazoliwa na daiodi zimebaki 16 hivi upande wa plasi na 16 upande wa mainasi. Amplifaya yenyewe inabakiza volti mbili tatu haiwezi kuzitumia, kwahiyo kilele cha mawimbi ni volti 14 tu, gawanya kwa 1.41 unapata volti 10 za kupimika. Sasa 10 mara 10 gawanya kwa omu 8 za spika yako ni wati 12 na nusu. Kwa spika ya omu 4 ni 25, tena hapo transfoma iwe haijaanza kulegea. Transfoma nzima ni 24 mara 3, yani 72, hakuna bodi duniani itakayotoa 500 kwenye 72.

Na hata ungezipata hizo wati, ukizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio linazisikia lakini sio kwa kushtuka. Ili uhisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Ndio maana nasema kila siku, angalia spika yako inatoa desibeli ngapi kwa wati moja kabla hujanunua bodi kubwa, spika ya desibeli 92 ukilinganisha na ya 86 imekupa faida sawa na kuzidisha wati mara nne na hujagusa transfoma.

Onyo ambalo hukuuliza: usije ukasikia hivi ukachomeka transfoma kubwa kwenye bodi hiyohiyo. Soma kwanza volti za kapasita na za chipu. Chipu ya amplifaya ya TDA2030, kwa mfano, mwisho wake ni plasi na mainasi volti 18. Na transfoma ya 24-0-24 isiyo na mzigo inaweza kupanda mpaka 35 au 36 kila upande, kapasita za volti 35 hapo zitavimba na kupasuka, weka za 50.

Naomba saketi ya wati 1000 iliyo rahisi.

Haipo. Ya wati 1000 sio rahisi na iliyo rahisi sio ya wati 1000, anza na ya 50 uimalize na uipime.

Nimemaliza kuunga amplifaya ya transista, nikaunganisha spika nikawasha, ikapiga kishindo kimoja kisha harufu ya kuungua. Shida nini?

Shida ni kwamba spika ndio umeitumia kama kifaa cha kupimia. Transista moja ya mwisho ikipiga shoti, au umekosea mguu mmoja tu, volti yote ya DC inaenda kwenye spika. Chukulia ni volti 35, koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa DC huwa ni kama 6, 35 mara 35 gawanya kwa 6 ni zaidi ya wati 200 za joto tupu, hazibadiliki, hazipumziki. Koni inasukumwa upande mmoja inaganda hapo na koili inaungua ndani ya sekunde chache. Ndicho kile kishindo, na ndio ile harufu.

Utaratibu ni huu na sitachoka kuurudia. Kwanza umeme haupo kabisa, unapima kwa mita kati ya kila transista kubwa na hitisinki (bati la kupoozea), isiwepo shoti, maana karatasi ya maika inayozitenganisha ikiwa na kipunje cha chuma au imekunjika pembeni tayari umeungana na bati. Halafu unapachika balbu ya waya (ile ya zamani yenye uzi unaowaka ndani), wati 60 au 100, mfululizo na waya wa moto unaoingia kwenye transfoma. Hakuna spika, hakuna muziki. Unawasha huku unaiangalia balbu: inawaka ghafla kwa nguvu wakati kapasita zinajaa, halafu inafifia mpaka unabaki wekundu mdogo ndani au giza. Hiyo ni salama. Ikiwaka na kubaki inawaka, zima, kuna shoti mahali, lakini balbu imebeba mzigo wote na transista zako bado nzima. Balbu imefanya kazi ambayo fyuzi haiwezi, fyuzi inakatika baada ya transista kufa.

Ukivuka hapo, pima DC kwenye waya za kutokea spika. Chini ya milivolti 50 ni sawa, ikifika 100 na kuendelea usiunganishe kitu, tafuta sababu. Ukisoma volti 30 maana yake upande mmoja umeshikana na mstari wa umeme. Baada ya hapo ndio bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista kubwa hata bila muziki), ndio signali, ndio mzigo wa risista badala ya spika, halafu spika kuukuu usiyoionea huruma. Spika yako nzuri inakuja mwisho kabisa.

Kumbuka tu balbu inalinda vifaa vyako, haikulindi wewe. Upande wa kuingilia wa transfoma bado unaua.

Sina balbu ya waya, naweza kutumia ya LED?

Hapana. Balbu ya waya inafanya kazi hiyo kwa sababu waya wake ukiwa baridi ukinzani ni mdogo, ukipata moto unapanda mara nyingi na kubana umeme. LED ina saketi yake ndani, haina tabia hiyo. Tafuta ya waya au halojeni.

Amplifaya inavuma, ila nikikata waya wa ardhi kwenye plagi mvumo unaisha. Niiache hivyo?

Rudisha huo waya leo, kabla hujawasha tena. Hili swali linakuja kila mara na kila mara jibu ni hilohilo. Boksi lako ni la chuma, siku insulesheni ya transfoma ikichoka boksi zima linakuwa waya wa moto, na kwa kuwa umeliunga na simu, kompyuta au mikisa, basi na vyenyewe, na yeyote anayevishika. Waya wa ardhi ndio unaofanya fyuzi ikatike badala ya mtu kufa.

Mvumo unatibika. Sikiliza aina yake, kwenye umeme wa hezi 50, ukivuma mzito na laini ni 50 yenyewe, hapo shuku mzunguko wa ardhi kati ya vifaa viwili (ardhi zao zimeungana kwa njia mbili), au transfoma imekaa karibu na waya za kuingilia signali, izungushe kidogo au isogeze usikie. Ukiwa mkali wenye mkwaruzo ni 100, hiyo inatoka kwenye kapasita za kuchuja, mara nyingi umechukua ardhi ya signali kwenye waya ambapo mapigo ya kuchaji kapasita yanapita. Waya kutoka katikati ya transfoma uende kwenye kapasita kwanza, halafu kutoka kwenye kapasita uvute waya mwingine mfupi mpaka nukta moja, na hapo ndipo ardhi ya spika, ya bodi na ya signali zote zinakutana. Kwa mzunguko wa vifaa viwili, boksi linabaki kwenye waya wa ardhi wa ukutani moja kwa moja, kisha kati ya boksi na ile nukta unaweka risista ya omu 10 sambamba na daiodi kubwa za pande zote mbili. Mvumo unaisha na usalama unabaki.

Bayasi niweke milivolti ngapi?

Inategemea risista za emita ulizoweka (zile ndogo kwenye mguu wa emita wa transista kubwa), mbona mnauliza bila kuzitaja? Kama ni omu 0.22, ukisoma milivolti 11 juu ya risista moja basi ampia 0.05 inapita, hiyo ni sehemu nzuri ya kuanzia kwa amplifaya nyingi. Kabla ya kuwasha hakikisha trimpoti (risista ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi) iko upande wa bayasi ndogo kabisa. Panda taratibu, subiri ipate joto, pima tena, rekebisha. Na ile transista ndogo ya bayasi lazima igusane na hitisinki ya zile kubwa, ukiiacha inaning'inia kwenye bodi zile kubwa zitapata moto, zitavuta umeme zaidi, zitapata moto zaidi, mpaka zife.

Hitisinki inachemka hata bila muziki na bayasi nimeshapima iko chini.

Amplifaya inalia yenyewe kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii. Weka risista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 mfululizo kutoka kwenye spika kwenda ardhi, watengenezaji wa bodi nyingi hawaziweki hizo, na weka kapasita za 0.1 karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu. Risista hiyo ya omu 10 ikiwa nyeusi, ndio ushahidi wenyewe.

Transista za mwisho za 5200 na 1943 (2SC5200 na 2SA1943) nimezipima kwa mita ni nzima, nikipandisha sauti zinakufa.

Feki. Mita inapima kwa umeme kidogo sana, hata kipande kidogo cha silikoni kinasoma vizuri. Ile halisi imetengenezwa kwa volti 230 na ampia 15. Vunja moja iliyokufa uangalie ndani, utakuta kijipande kisichoendana na ukubwa wa kava. Usinunue zilizo rahisi kupita kiasi.

Kutoa chaji kwenye kapasita natumia bisibisi, kuna ubaya?

Upo. Mikrofaradi 10,000 kwa volti 35 inatoa cheche ya kuyeyusha ncha na kurusha vipande machoni. Tumia risista ya omu 100 wati 10, hesabu mpaka kumi, kisha pima.

Nitajuaje wati halisi kama sina oskiloskopu?

Risista nne za omu 33, wati 25 kila moja, zipachike sambamba kwenye bati lenye feni, unapata omu 8 na kidogo. Cheza toni ya hezi 200 kutoka kwenye simu, usitumie ile ya 1000, mita nyingi za kawaida zinadanganya huko juu. Sambamba na huo mzigo weka kispika kidogo kupitia risista ya omu 220 ya wati 5. Pandisha taratibu ukisikiliza: toni ni laini kama filimbi, halafu kuna sehemu inaanza kuwa na makali pembeni kama mlio wa nzi. Hapo mawimbi yameanza kukatwa vichwa. Rudi nyuma kidogo mpaka makali yaishe, soma volti za AC, zidisha zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa omu ulizozipima. Ukipata volti 20 ni kama wati 50. Rudia na chaneli zote mbili zikiwa na mzigo kwa pamoja, namba itashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo uandike kwenye boksi.