Mwalimu, mwanangu hana cha kuandika

*Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anataka kuomba vyuo vikuu vya Marekani. Alama zake ni nzuri, ila ile insha ya kujieleza wanayoitaka imemshinda. Kila akikaa mezani anasema maisha yake ni ya kawaida, hana cha kuandika. Nimepata mtu anayeandika insha hizo kwa malipo, na anasema zake hazikosi. Nimlipe? – Mama wa binti mmoja*

Mama, usimlipe. Mwishoni mwa fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi vya huko hupokea maombi kupitia kwake, binti yako atathibitisha kwa jina lake kwamba kazi ni yake mwenyewe. Chuo kikija kugundua vinginevyo, nafasi inaweza kufutwa hata akiwa ameshaanza masomo. Halafu wanaosoma insha hizo ndiyo kazi yao msimu mzima. Wana barua za walimu wake mezani, wana alama zake za lugha, wana majibu mafupi aliyoandika kwenye fomu ileile. Sauti ya mtu mzima aliyezoea kuandika kwa malipo itajulikana tu. Ushauri wangu ni huohuo kwa programu za akili mnemba: zikiandika badala yake, sauti yake haimo.

Lakini kinachonigusa zaidi kwenye barua yako ni hilo neno, “hana cha kuandika”. Nalisikia kila msimu, na mara nyingi linatoka kwa watoto wenye mengi ya kusema. Wanadhani chuo kinasubiri habari ya msiba mkubwa au ya medali. Insha kuu ina maneno kati ya 250 na 650, basi. Maswali ya kuchagua ni saba, na la mwisho linamruhusu mwombaji kuandika juu ya jambo lolote atakalo.

Kuna kijana niliyemsaidia aliyeniletea insha iliyoanza hivi: “Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuisaidia jamii yangu.” Sikuisahihisha. Nilimuuliza jana yake alifanya nini alipotoka shuleni. Akasema hakuna, alimpangia tu bibi yake dawa. Unampangiaje? Bibi haoni vizuri, akasema, na chupa zake zinafanana, kwa hiyo ile ya usiku ameipaka gundi na kuinyunyizia mchanga ili bibi aitambue kwa kuipapasa. Na daktari akibadilisha dawa? Hapo akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi mpango wake ulivyovurugika siku dawa ya usiku ilipohamishiwa asubuhi, bibi akaendelea kuifuata mikono yake, na yeye akalazimika kutafuta alama mpya ambayo bibi hataichanganya na ile ya zamani. Aliongea muda mrefu bila kutafuta maneno. Nikamwambia aende akaandike hivyohivyo alivyoniambia. Neno “shauku” halikuonekana tena popote kwenye insha yake, na kila aliyeisoma alimwona kijana anayefikiri.

Basi kazi yako, Mama, ni kuuliza na kusikiliza. Muulize jambo gani anafanya nyumbani ambalo asipokuwepo linakwama. Muulize mara ya mwisho alibadili mawazo lini, na nani alimbadilisha. Akijibu, andika maneno yake kama yalivyomtoka, umpe karatasi. Rasimu ikija, weka alama sehemu mbili tu: pale ulipomsikia mwanao, na pale ulipomsikia mtu mwingine. Tahajia isubiri mwisho, na kalamu yako isiguse sentensi zake.

Na msiache wazi orodha ya shughuli kwenye fomu hiyo. Kuna nafasi 10, kila maelezo yana herufi 150 tu, na majukumu ya kifamilia yanahesabika humo kama shughuli kamili. Kama binti yako ndiye anayebaki na mdogo wake jioni, iandikwe, pamoja na saa zake kwa wiki. Inaniuma kuona mtoto amejaza vilabu alivyohudhuria mara mbili na kuacha kazi anayoifanya kila siku.

*Shikamoo Mwalimu. Nimepata 1290 kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Niipeleke? Na wenzangu wanasema niombe mapema kwa mkataba wa lazima, eti nafasi inaongezeka. – Msomaji kijana*

Marahaba, mwanangu. Angalia chuo kimoja kimoja, maana sheria hazifanani. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Vyuo vya University of California haviutazami kabisa kwenye udahili, hata ukiupeleka. Kwingine kwingi ni hiari, na huko tafuta takwimu ambazo chuo chenyewe hutangaza za alama za nusu ya kati ya waliopokelewa, yaani ukiondoa robo ya juu na robo ya chini. Alama yako ikiwa ndani ya nusu hiyo au juu yake, peleka. Ikiwa chini, iache.

La mkataba nataka ulisikilize vizuri. Maombi hayo, ambayo kwa kawaida hufungwa Novemba, yanakufunga: ukikubaliwa unatakiwa kwenda huko na kuondoa maombi yako kwingine. Huwezi tena kulinganisha ufadhili wa chuo hiki na kile. Kwa mwanafunzi wa kutoka nje ya Marekani, vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa wakati wa kuamua kama atapokelewa. Visivyofanya hivyo ni vichache, wakiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Kabla ya kusaini chochote, kaa na wazazi wako muandike kiasi wanachoweza kulipa kwa mwaka, kiasi cha kweli. Na kama hata ada ya maombi ni nzito, omba msamaha wa ada. Upo, na si aibu kuuomba.

*Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wangu kadhaa wameniomba barua za mapendekezo, mmoja anaomba udaktari Uingereza. Naona naandika maneno yaleyale kwa wote. – Mwalimu wa sekondari*

“Mwenye bidii, nidhamu na heshima.” Najua, mwalimu mwenzangu, na najua unayaandika usiku baada ya kusahihisha madaftari. Mwombe kila mmoja ukurasa mmoja: mada iliyomshinda darasani kwako, alifanya nini baadaye, na swali alilokuuliza ambalo bado analikumbuka. Kisha chagua tukio moja uliloliona kwa macho yako na ulieleze vizuri. Aya moja ya siku aliyokataa jibu lako ubaoni na kurudi kesho yake na hesabu yake inamfaa kuliko sifa kumi.

Kwa Uingereza mambo ni tofauti. Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, mwombaji ana nafasi tano za kuchagua kozi, na wanaosoma maombi hayo wanataka kujua zaidi kuhusu somo kuliko maisha ya nyumbani. Kuanzia wanaojiunga mwaka 2026, maelezo binafsi yamegawanywa katika maswali matatu, yote pamoja herufi 4,000: kwa nini kozi hii, masomo yamemwandaaje, na nje ya darasa amejiandaaje. Oxford na Cambridge haziombwi zote mbili mwaka mmoja. Mwisho wa maombi yao, pamoja na kozi nyingi za udaktari, ni 15 Oktoba, mapema kuliko kozi nyingine. Kwa hiyo huyo wa udaktari mwandikie kwanza, Septemba isiishe.