Jibu: Kwa nini LDL (kolesteroli "mbaya") imeachwa wazi kwenye majibu yako

Ndugu, umeuliza kwa nini karatasi ya kipimo cha mafuta ya damu ina kolesteroli ya jumla 6.2, HDL (kolesteroli "nzuri") 1.1 na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 4.9, lakini LDL hakuna. Maabara nyingi haziipimi moja kwa moja, huikokotoa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L (milimoli kwa lita), hesabu hiyo haiaminiki, kwa hiyo wamefanya vyema kuiacha. Kama ulikunywa chai ya sukari na kula maandazi asubuhi ile ya kipimo, hivyo vinaweza kuzipandisha. Rudia baada ya kufunga kwa muda wa saa 12, maji tu, bila pombe tangu jana yake. Zikibaki juu, omba upimwe sukari na tezi ya thairoidi. Ila usichelewe kumwona daktari: 6.2 toa 1.1 ni 5.1, yaani kolesteroli yote isiyo HDL, na hiyo iko juu hata kwa aliyekula.