Maswali na Majibu: Kocha Mkongwe Akipigwa Kalamu

Barua za wiki hii nyingi zinahusu kocha aliyezeekea kazini na asiyejua msimu ujao atakuwa wapi. Nimejibu zile zitakazowafaa na wengine.

Je, kocha José Mourinho atarudi Manchester United? (Msomaji, Kongowea)

Sioni dalili. Swali hili huja kila United ikifungwa, na nimelichoka. United walimtimua Desemba 2018. Fenerbahçe wakamtoa Agosti 2025, na Septemba haijaisha akawa yuko Benfica. Huyo akifutwa ana mkataba na ana mawakili. Niulizeni habari za makocha wetu, ambao hata karatasi hawana.

Nina miaka 61. Nimefundisha klabu moja hapa Mombasa misimu mingi. Mwezi uliopita katibu alinipigia simu akaniambia nisije tena mazoezini, wamepata mtu mwingine. Nawadai mishahara ya miezi 5. Mkataba sina, nina barua ya uteuzi tu. Nifanyeje? (Kocha, Likoni)

Mzee wangu, pole sana. Picha ya barua uliyonitumia nimeisoma. Ni ukurasa mmoja, muhuri wa klabu umegongwa juu ya sahihi ya katibu, na maneno yenyewe ni kwamba "utaishughulikia timu kama kocha mkuu". Mshahara haukutajwa, muda haukutajwa, notisi haikutajwa. Hivi ndivyo makocha wengi wa Pwani wanavyofanyishwa kazi, na ni dhuluma.

Hata hivyo barua hiyo usiitupe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandaa ni mwajiri. Asipoutoa mbele ya korti, mzigo wa kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye. Watasema ulikuwa unajitolea. Kwa hiyo anza leo kukusanya jumbe za M-Pesa za mshahara, karatasi za mechi zenye jina lako kwenye benchi la ufundi, na maagizo yote ya katibu yaliyomo kwenye simu yako. Andika barua ya madai, ipeleke ofisini mwenyewe, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa. Wakinyamaza, nenda kwa ofisa wa kazi au Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, ambayo hapa Mombasa ipo. Usikae ukingoja uchaguzi wa klabu au ahadi ya mwenyekiti. Dai la ajira lina muda wa miaka 3. Na uliza pia kama michango yako ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, ilipelekwa. Katika umri wako hilo ni kubwa kuliko hata miezi 5.

Sasa niseme linaloniuma. Adel Amrouche, kocha wa kigeni wa timu ya taifa, aliipa Kenya Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, Desemba 2013. Agosti 2014 tukatolewa na Lesotho, akapigwa kalamu. Alikuwa na mkataba, akaenda FIFA, kesi ikafika mahakama ya michezo ya CAS, na shirikisho letu la soka likaamriwa limlipe zaidi ya shilingi milioni 100. Deni lile likatutia hofu ya kuondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Kocha wa kigeni FIFA humsikiliza. Mzalendo kesi yake inabaki nyumbani, na viongozi wanajua atachoka nauli kabla hawajachoka wao. Makocha, msiingie uwanjani siku ya kwanza bila mkataba mkononi, hata kama mwenyekiti ni jamaa yenu.

Kwa nini klabu yetu ya Bandari wasimfute kocha mapema wakianza ligi vibaya? (Shabiki, Changamwe)

Kwa sababu mechi tatu hazimpimi kocha. Chini ya Bernard Mwalala, Bandari walimaliza wa pili msimu wa 2018/19 na wakabeba kombe la Ngao la 2019, wakaenda Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu kama ile haijengwi na kocha anayehesabu siku. Nyinyi mnaozomea pale uwanja wa Mbaraki dakika ya 20, jueni kuna kiongozi anayewasikiliza akitafuta sababu ya kutolipa.

Kocha wa zaidi ya miaka 60 si amepitwa na wakati? (Msomaji, Kisauni)

La. Dick Advocaat alikuwa na miaka 78 Curaçao ilipofuzu Kombe la Dunia la 2026. Claudio Ranieri aliitwa Roma akiwa na 73. Kinachowapita wakongwe wetu ni leseni. Kama umekwama daraja C la CAF, shirikisho la soka la Afrika, tangu ujana, kozi ya B ikitangazwa jiandikishe, hata ukikaa dawati moja na vijana uliowafundisha. Na mwenye daraja la juu asikubali jina lake litumike kwenye karatasi huku timu inafundishwa na mwingine. Likitokea jambo, ni wewe utakayeitwa.

Wakala ameniahidi kazi ya ukocha Oman, anataka kwanza pesa ya viza. Nitume? (Kocha, Mtwapa)

Usitume hata shilingi. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake utalikuta kwenye orodha iliyo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mwambie akupe jina kamili na barua ya klabu yenyewe, kisha wapigie klabu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyokupa yeye.